Jani Alilolirudisha Ombeni

Old Moshi,
Jumamosi, saa tisa alasiri

Mwanangu Ndeshi,

Salamu leo naziruka, maana asubuhi tumekunywa chai meza moja na umeniamkia nikaitika marahaba mdomo umejaa ndizi. Sasa hivi umeshuka Njoro kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua dada yangu, hakuachii mpaka umekula mara mbili na kulia mara moja. Basi nina muda. Nimejifungia chumba cha dawa hapa zahanati, nimewaambia wenye vikohozi vya kawaida warudi Jumatatu. Karatasi usizishangae. Duka la kijiji halina karatasi tangu Pasaka, kama lisivyo na sabuni, kwa hiyo naandika nyuma ya fomu za wagonjwa. Majina ya watu nimeyakata kwa mkasi, usijisumbue kuchungulia.

Mambo ya sweta, ya mafuta ya kupaka, ya kusali na ya kutotembea peke yako, mama yako amekwisha kuyasema mpaka sweta lenyewe limechoka. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na mitatu.

Unayakumbuka yale maharage ya Krismasi? Mama yako alikuwa anachambua ya kupikia kiburu cha ndizi, nawe ukamnyang'anya konzi moja ungoni ukasema, "Baba, njoo nikuonyeshe ninachokwenda kusoma Ulaya." Ukayapanga mezani yakagusana. "Hii ni seli moja. Hizi ni jirani zake." Nikakuuliza kirusi kiko wapi. Ukaenda kwenye gunia la ulezi wa kupikia mbege ukaleta punje moja, ukaiweka juu ya harage la katikati. "Huyu hapa. Ameingia."

Nilikusikiliza, mwanangu, ingawa nilijifanya natafuta kiberiti. Ulisema seli haina macho, lakini ndani yake mna walinzi wanaojua vitu vya nyumbani. Wakikuta kitu ambacho nyumba ile haina, wanapiga yowe. Na yowe lenyewe ni kitu kinachotoka nje, kinakwenda kwa jirani, na jirani wakikipata wanafunga milango kabla mgeni hajafika kwao. Ukasema nyingine zilizokwisha kuingiliwa hukubali kufa ili mgeni asizaliane humo.

Mama yako akaacha kupepeta. "Harage linajiua?"

"Linajiua, mama, ili wenzake wapone."

"Basi lina akili kuliko kamati ya kijiji," akasema, akaendelea na kazi yake.

Mimi nikajitia mjuzi, unanijua. Nikasema, basi kazi imekwisha: yowe limepigwa, watu wametoka, mwizi amekamatwa. Ukanicheka. "Hapo ndipo kazi inapoanza, baba. Nani atawaambia watu warudi nyumbani?" Ukanieleza kwamba yowe lisipokoma mwili unajichoma wenyewe, kwamba homa na uvimbe na yale maumivu tunayomlaumu mdudu, mengi ni sisi wenyewe tunapigana. Na kwamba seli ileile inayopiga yowe ndiyo inayotengeneza, humohumo ndani, kitu cha kulinyamazisha. Likinyamaza mapema, mgeni anakula nyumba. Likichelewa, nyumba inaungua. "Seli inajuaje kwamba saa ya kuzima imefika? Hakuna anayelijua hilo vizuri. Ndilo ninaloliendea."

Haki ya Mungu, nilijiona mrefu kuliko Mawenzi. Nikakuambia hiyo ni kazi ya mzee wa mfongo. Kufungulia maji kwenye mfereji mtu yeyote mwenye jembe anaweza, hata mlevi. Mzee wa mfongo tunamheshimu kwa kujua saa ya kuziba, shamba la jirani lisije likasombwa. Ukapenda, ukaandika kwenye daftari lako, na mimi nikatazama kando ili usione nilivyofurahi.

Halafu ukaanza kuyarudisha maharage kwenye ungo, moja moja. Ukasema bila kuniangalia: "Kwa Ombeni halikuzimwa, baba. Mimi nililiwasha, na halikuzimwa."

Nikasimama. Nikasema nakwenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa amekwisha kulishwa na kukamuliwa, na hakuwa na haja yoyote na mimi. Nilisimama pale zizini nimeshika kamba yake kama mjinga mpaka nikasikia umetoka jikoni.

Ndeshi, mama, mdogo wako Ombeni hakuzibwa masikio na surua. Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya hii, na mara zote niliichana.

Wewe unajua hivi. Ulikuwa na miaka kumi, ukalilia kwenda likizo Chekereni kwa mama yako mdogo, wakati wamehamia kijiji kipya kule bondeni, ukaone mpunga. Nikakuruhusu. Ukarudi na macho mekundu, mafua, na mzigo wa miwa kichwani. Ombeni, mtoto wa miaka mitano, alikungoja kwenye kivuko cha mfongo kama kawaida yake. Ulimmenyea muwa kwa meno yako ukampa kipande cha shinani, kile kitamu kuliko vyote. Kesho yake upele ukakutoka. Haikupita wiki mbili naye ukamtoka. Wewe ukapona kabisa. Yeye akapona ngozi, lakini masikio yakafunga moja kwa moja. Na bibi yako, Mungu amlaze pema, akasema mbele yako neno ambalo mtu mzima hapaswi kulisema mbele ya mtoto: "Ndeshi ndiye aliyetuletea."

Mimi nilikuwepo. Sikumkemea mama yangu. Lilinifaa lile neno, ndiyo maana.

Sasa sikia usilolijua. Miaka ile ndiyo kwanza nimetoka kozi ya uganga wa zahanati. Nilikuwa na koti jeupe moja, nalifua kila Jumapili, na watu wananiita Daktari kuanzia kanisani mpaka kilabuni. Watu wetu unawajua: kidonge kwao ni kama pipi, lakini sindano ndiyo tiba. Mtu anapanda mlima mwendo wa saa mbili apigwe sindano, ukimpa vidonge anarudi nyumbani anasema Daktari amenifukuza. Nami nikawapa. Mkono wangu ulikuwa mwepesi na nilijisifu nao. Wazee walikuwa na neno lao kwamba mtoto wa surua hachomwi sindano, upele utarudi ndani. Bibi yako alinikumbusha hilo mlangoni, siku ya kwanza Ombeni alipougua. Nilimcheka. Nikasema mama, hizo ni habari za zama za Wajerumani. Siku hizi naona sababu yao haikuwa sahihi, lakini neno lenyewe lingeniokoa.

Siku ya nne upele wa Ombeni ulianza kufifia. Alitoka jasho, akaomba mtori, akanywa kikombe kizima. Mama yako alimshika shingo, akaniita. "Baba Ndeshi, mtoto amegeuka. Homa inaondoka yenyewe." Na ilikuwa inaondoka, mwanangu! Nimeirudia siku hiyo kichwani miaka yote hii, na baada ya maharage yako ndipo nilipojua jina la nilichokuwa nakiona. Lile yowe lilikuwa limepigwa, mgeni ameshindwa, na mwili wake mdogo ulikuwa unawaambia watu warudi majumbani. Kazi ilikuwa inamalizika vizuri bila mimi.

Ila alikuwa na kikohozi. Wiki ileile mtoto wa jirani wa chini alikuwa amekufa kwa surua iliyoshukia kifuani, na nilikuwa nimemtibu mimi. Watu walikuwa wananitazama. Nikajiuliza, akifa na wa kwangu, nani atanibishia hodi tena? Nakuandikia hivyohivyo nilivyowaza. Sikuwaza mtoto kwanza. Niliwaza koti.

Kabatini kulikuwa na chupa za streptomaisini, dawa ya kifua kikuu, zilizobaki za mzee mmoja aliyehamishiwa hospitali kubwa. Haikuwa dawa ya surua. Haikuwa hata dawa ya kikohozi kile. Lakini ilikuwa kali, na ilikuwa sindano. Nikazibeba nyumbani. Nikampiga Ombeni kila asubuhi, kipimo ambacho leo nikikutajia utaweka karatasi hii chini, kwa hiyo sikitaji. Siku ya kwanza alilia. Siku ya tatu hakulia tena. Aliponiona na sindano, alinigeuzia paja mwenyewe.

Siku ya tano alishuka kitandani kwenda chooni. Akayumba. Akashika mgomba, akacheka, akayumba tena kama amepewa mbege. Na hapa ndipo pananiua, Ndeshi. Kwenye kozi mwalimu wetu alitusimamisha wima siku nzima kwa ajili ya dawa hiyo moja. Alisema: mgonjwa akianza kuyumba, acha, angalia masikio yake. Nilikumbuka palepale. Si baadaye, si baada ya kusoma karatasi ya dawa. Palepale, nimesimama mlangoni, nikamwona anayumba, nikamsikia mwalimu. Nikajiambia ni udhaifu wa homa.

Mama yako alikuja na maji ya moto, akaona sindano ya kesho yake imekwisha kuchemshwa. Akasema kwa sauti ambayo sijamsikia nayo kabla wala baada, "Baba Ndeshi, inatosha!" Nami nikamjibu, mbele ya mtoto, "Nani daktari katika nyumba hii?"

Nikaendelea asubuhi tatu.

Siku chache baadaye mama yako aliangusha mfuniko wa sufuria nyuma ya Ombeni, ukalia mpaka kuku wakaruka. Ombeni aliendelea kuchezea ganda lake la mgomba. Mama yako akaniangalia. Nikamwambia, "Surua imemwingia masikioni." Nikaenda zahanati nikayaandika maneno hayohayo kwenye kitabu, kwa mwandiko mzuri kuliko huu.

Mama yako usimlaumu. Ameniambia niseme, mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," ananiambia, anageukia ukutani. Alikaa kimya kwa sababu ni mke wangu, na kwa sababu nilimwambia nitafukuzwa kazi na zahanati itabaki bila mtu. Hayo yalikuwa kweli, na niliyatumia vibaya.

Ulikua mbele ya macho yangu ukiwa umebeba mzigo ambao si wako, na nilikuona. Niliona ulivyoacha kula muwa. Mtoto wa mlimani hali muwa! Watu wakadhani ni madaha. Nilikuona unavyorudi mbio kutoka shuleni kuja kumfundisha Ombeni kuandika jina lake kwenye majivu ya jikoni. Nilikuona unavyoinamisha macho kila anapokuita. Kwa sababu anakuitaje? Anaweka ngumi mdomoni na kuvuta pembeni, kama mtu anayemenya muwa kwa meno. Hilo ndilo jina lako kwa mikono yake. Wewe unaliona kama mashtaka. Jamani! Yule hakushtaki. Niliwahi kumuuliza kwa nini asikuite kwa nywele zako au kwa urefu wako, akanishangaa. Akaonyesha muwa mrefu, akaonyesha kule shinani, akajipiga kifuani. Ulimpa yeye pale patamu. Ndicho anachokikumbuka.

Mimi sikuwa na ujasiri, lakini nilibadilika, na hilo naomba ulijue ingawa halilipi kitu. Niliuogopa mkono wangu. Mama akija na mtoto anayechemka, namkalisha kwenye benchi, nahesabu pumzi za mtoto, nampa maji yenye chumvi na sukari kijiko kwa kijiko sukari inapopatikana, nangoja. Anayehitaji dawa nampa, na anayehitaji hospitali namsukuma mwenyewe kwenye gari la kahawa. Lakini wengi, mwanangu, walikuwa wanahitaji mtu wa kukaa nao tu wakati mwili unafanya kazi yake. Nimejifunza kwamba kukaa bila kufanya kitu ndiyo kazi ngumu kuliko zote za uganga. Mikono inawasha. Jamaa wananitania, wananiita Daktari wa Maji. Mzee mmoja alinikasirikia hapa mlangoni nilipomnyima mjukuu wake sindano, akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Niliingia humu chumbani nikafunga mlango. Alidhani nimechukia.

Sasa, kuhusu Ombeni. Baada ya Krismasi ulirudi chuoni Dar, na mimi sikulala vizuri tena. Maneno yako yalikuwa yananifuata mpaka kwenye migomba: mimi nililiwasha. Nikaona sasa hata masomo yako yanajengwa juu ya uongo wangu. Unakwenda nchi za watu, kwenye baridi, utumie ujana wako kutafuta kilichoshindikana kuzimwa katika mwili wa ndugu yako, na mimi ninajua kilizimwa. Kilizimwa siku ya nne, kwa kikombe cha mtori! Mwili wa Ombeni uliuzima moto wake wenyewe. Mimi ndiye ambaye sikuuzima wa kwangu.

Nikakata jani la sale pale mpakani mwa kihamba chetu cha migomba. Wasomi mnaweza kusema ni jani tu, lakini unajua sheria yake. Ukimletea mtu sale, hata kama umemchomea nyumba, hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Babu yako alisamehe damu kwa jani hilo. Nikamfuata Ombeni kwenye kibanda chake cha useremala. Alikuwa anapiga randa mbao za hili sanduku lako. Nikasimama mbele yake. Nikajionyesha mimi. Nikaonyesha sindano, paja lake, nikahesabu asubuhi nane kwa vidole. Nikaziba masikio yangu. Nikajionyesha mimi tena. Kisha nikamnyooshea jani kwa mikono miwili, na nikapiga magoti kwenye maranda, mimi niliyekataa kumpigia magoti hata mkuu wa wilaya.

Aliweka randa chini. Hakushangaa, Ndeshi. Alionyesha upande wa jikoni kwa mama yako, akafungua mdomo wake wazi, akainua kiganja: inatosha. Alikuwa na miaka mitano na alikuwa bado anasikia siku ile. Lile neno la mama yako ni miongoni mwa sauti za mwisho alizozisikia duniani, na jibu langu vilevile. Amelijua siku zote. Kijana amekaa na mimi mezani miaka yote hii, ananipitishia chumvi, na anajua.

Akanyoosha mkono kupokea jani. Nikashusha pumzi. Halafu akasita. Akaweka ngumi mdomoni, akavuta pembeni, akagusa kichwa chake, akaniuliza kwa macho: na Ndeshi, anajua?

Nikatikisa kichwa.

Mwanangu, sijawahi kuona wala kusikia mtu wa mlima huu akifanya alichofanya. Alichukua lile jani, akalirudisha mkononi mwangu. Akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja. Akaonyesha barabara, kule unakopita ukienda Dar. Kisha akashika randa yake akanipa mgongo. Kwa masikio yake alikuwa amekwisha kunisamehe, pengine zamani. Wewe ndiye uliyemkasirisha, yaani kilichokupata wewe.

Tangu siku hiyo hali nami. Umejiuliza wiki hii kwa nini anakula jikoni na mama yako, ukadhani ni aibu za kijana. Ni mimi. Leo ulipokwisha kuteremka alikuja hapa, akaweka kalamu yake ya kuchorea mbao juu ya meza yangu, akaketi nje kwenye benchi la wagonjwa. Yupo hapo mpaka sasa. Namwona dirishani. Mama mmoja amemsalimia na mtoto wake mgongoni, naye amemkunjia mtoto ganda la mgomba la kuchezea.

Nisingependa uache masomo kwa sababu ya barua hii. Nisingependa pia uende kwa sababu ya deni, kwa sababu deni hilo hukuwahi kuwa nalo. Nilikutazama ulipokuwa unapanga maharage. Kabla hujalitaja jina la Ombeni, uso wako ulikuwa uleule wa utotoni ulipofungua saa yangu ya mkono na kisu cha jikoni kutafuta nani anayegonga humo ndani. Nilikuchapa kwa ajili ya ile saa, na nilikosea. Kama ni uso ule unaokupeleka, nenda. Ukifika kule ukagundua kwamba ulikuwa unakwenda kulipa tu, na sasa hakuna cha kulipa, rudi nyumbani ufuge kuku, au ufanye chochote unachokipenda. Sitauliza, na atakayeuliza nitamjibu mimi. Lakini kama siku moja utamwona huyo mzee wa mfongo anayekaa ndani ya seli, anayejua saa ya kuziba maji, niandikie anaitwaje. Nimetamani sana kuwa kama yeye.

Na ukija kuwa na mamlaka juu ya watu, maana utakuwa nayo, mtu akikuambia inatosha, hasa mtu asiye na koti jeupe, msikilize. Usimuulize nani daktari. Hayo tu.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, chini ya lile blanketi, uisome ukiwa kule ambako huwezi kunitazama. Nilimwonyesha Ombeni pale dirishani nilivyokusudia. Aliinuka, akaja mpaka mlangoni, akatikisa kichwa. Akaonyesha mkono wangu, akaonyesha mkono wake kana kwamba ndio wa kwako, akaikutanisha. Nikupe mwenyewe. Leo, kabla ya chakula. Ana haki. Siwezi kukuacha unikumbatie kesho uwanja wa ndege bila kujua unamkumbatia nani.

Jani la sale sikukutia bahashani. Nimefikiri sana. Ningeliweka, mila ingekufunga, ungelazimika kunisamehe kabla hujamaliza hata kunikasirikia, na mimi nimekwisha kukuchukulia mengi bila ruhusa yako. Sale liko palepale mpakani, bichi, unalijua lilipo. Siku utakayotaka nikuletee, iwe leo, iwe baada ya miaka mitano, uniambie, nami nitalikata kwa mkono wangu na kulileta popote ulipo. Usipotaka kamwe, litaendelea kuota pale, halina haraka.

Nakupenda, Ndeshi. Sijui kwa nini mwanamume wa hapa kwetu ni rahisi kwake kumwambia ng'ombe kuliko binti yake. Nilikupenda ulipokuwa na upele na macho mekundu, na nilipaswa kukuchukua mapajani siku ile bibi yako alipofungua kinywa, nimwambie kila mtu katika chumba kile: si huyu.

Si wewe. Haikuwa wewe.

Namsikia mama yako pale nyumbani, jirani hapa, anamwita mtu barabarani, nadhani umeshafika kona. Nikikupa barua hii nitakwenda kukaa nje kwenye kigogo chini ya mgomba. Usijilazimishe kutoka. Nisipokuona mpaka giza liingie, nitaingia kulala, na kesho alfajiri nitalibeba sanduku lako kichwani mpaka barabarani, uwe umenisamehe au hujanisamehe.

Baba yako